Chakula kisigeuzwe kiboko

Katika magereza ya Marekani kuna mkate unaookwa ili mlaji ajute. Majina yake hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, lakini lililoenea zaidi ni Nutraloaf, na wako wakuu wa magereza wanaouita waziwazi mkate wa nidhamu. Hupewa mfungwa aliyetengwa katika seli ya adhabu, aghalabu yule aliyemtupia askari sinia la chakula au aliyemrushia uchafu. Huletewa asubuhi, huletewa mchana, huletewa jioni, mkate ule ule, juu ya karatasi, bila kijiko wala uma, na maji ya kunywa kando. Kesho huwa vivyo hivyo, na keshokutwa vivyo hivyo, mpaka siku zilizopangwa zitimie au mpaka wakubwa waridhike kwamba mtu yule amenyooka.

Huenda msomaji akauliza kwa nini ukurasa huu ujishughulishe na mkate wa wafungwa wa ng'ambo, ilhali mambo ya kuandikwa ni mengi. Tunajishughulisha nao kwa sababu kila dola inayofunga watu ina jiko la gereza, na kila jiko la gereza lina bwana anayelisimamia. Mwenye ufunguo wa seli ndiye pia mwenye ufunguo wa ghala ya chakula. Mtu aliye nje asipopenda alichopikiwa ataondoka akatafute kwingine, au alale na njaa kwa hiari yake. Mfungwa hana kwingine. Hivyo anayempikia ana mamlaka juu yake yanayoyapita hata mamlaka ya hakimu aliyemhukumu, kwa kuwa hakimu alisema neno lake mara moja tu, na mpishi husema lake mara tatu kwa siku.

Tuutazame mkate wenyewe. Katika jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, ulitengenezwa kwa vipande vya mkate wa ngano isiyokobolewa, jibini isiyotokana na maziwa, karoti mbichi, spinachi, zabibu kavu, maharage, mafuta ya kula, nyanya za kopo, maziwa ya unga na viazi vilivyokaushwa. Vyote hivyo vilichanganywa pamoja, vikashindiliwa katika chombo, vikaokwa. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya jiko ataona mara moja kwamba hakuna hapo kitu kibaya hata kimoja. Karoti ni chakula kizuri. Maharage ni chakula kizuri. Zabibu kavu tunazitia katika pilau siku ya sikukuu. Uovu umo katika kule kuvichanganya, pale mpishi anapoagizwa atumie ujuzi wake wote kuiondoa ladha aliyofundishwa kuitia.

Mwezi Juni mwaka 2014, jumba la makumbusho la Eastern State mjini Philadelphia, ambalo hapo zamani lilikuwa gereza, liliwaonjesha wageni wake mikate ya namna hii iliyopikwa kwa kufuata maelekezo ya majimbo kadhaa, yakiwamo Arizona, Idaho na Illinois. Lilikuwa jambo jema, kwa kuwa ulimi huelewa upesi kuliko sikio. Lakini mgeni aliyeonja kipande kimoja alikuwa na uhuru wa kuacha cha pili na kwenda zake. Hilo ndilo jambo ambalo makumbusho haiwezi kumwonjesha mtu.

Hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo watetezi wa mkate huu hupenda kuyachanganya kama wanavyozichanganya karoti na zabibu. Chakula kibaya cha umaskini ni jambo moja, na chakula kibaya cha makusudi ni jambo jingine. Sisi tuliosoma shule za bweni tunakijua chakula cha umaskini. Tulikula ugali na maharage Jumatatu, tukala maharage na ugali Jumanne, na katika maharage hayo walikuwamo wadudu ambao hatukuwaalika. Tulinung'unika, na mara nyingine tuligoma, na mara nyingi zaidi tulikula tukamaliza. Lakini hakuna aliyekuwa na shaka kwamba mpishi, laiti angepewa kitunguu na nazi, angevitia sufuriani kwa furaha. Mzee yule alikuwa upande wetu. Katika gereza linalooka mkate wa nidhamu, vitunguu vimo ghalani na mpishi amekatazwa kuvitumia. Nchi tajiri kupita zote duniani, yenye shehena ya vyakula isiyojua pa kuvipeleka, inachukua vyakula vizuri na kuviharibu kwa mikono yake, kisha inampelekea mwanadamu. Huo si ubahili, kwani bahili angemnyima mtu karoti akajiwekea.

Mkate huu una historia, na historia yenyewe inafundisha. Katika magereza ya jimbo la Arkansas, wafungwa waliowekwa katika seli za adhabu walilishwa kitu kilichoitwa grue. Kilikuwa ni nyama, viazi, siagi ya mimea, sharubati ya sukari, mboga, mayai na viungo, vikapondwapondwa mpaka vikawa rojo, vikaokwa katika sufuria bapa na kukatwa vipande vya mraba vya inchi 4. Mfungwa alipata kutokana navyo chini ya kalori 1,000 kwa siku, kiasi ambacho hakimtoshi mtu mzima hata kama amelala tu. Seli zenyewe hazikuwa na madirisha. Zilikuwa na ukubwa wa futi 8 kwa 10, na ndani yake walijazwa wastani wa watu wanne, na mara nyingine kumi au kumi na mmoja. Asubuhi magodoro yaliondolewa, jioni yakagawanywa ovyo bila kujali nani alilala juu ya lipi, na maradhi yakatembea kutoka mwili hadi mwili.

Shauri hilo lilifika mbele ya Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, nayo ikatoa uamuzi wake mwezi Juni mwaka 1978. Jaji John Paul Stevens, aliyeuandika uamuzi huo kwa niaba ya wenzake walio wengi, alisema kwamba seli chafu iliyojaa watu, pamoja na mlo wa grue, vyaweza kuvumilika kwa siku chache lakini vikawa ukatili usiovumilika vikiendelea kwa majuma au miezi. Mahakama ikakubali kwamba kifungo cha namna hiyo kisipite siku 30. Ulikuwa ushindi kwa wafungwa, na hatuubezi. Lakini mwanya ulibaki wazi. Wakuu wa magereza walisoma na kuelewa walichokatazwa: wasiwape watu njaa, wala wasiendeleze jambo hilo muda mrefu kupita kiasi. Hakuna aliyewaambia kwamba haifai kuutesa ulimi.

Basi wakaitwa wataalamu wa lishe. Mkate mpya ukapimwa. Kalori zikawa za kutosha, protini ikawamo, vitamini zikahesabiwa moja moja. Mfungwa alipokwenda mahakamani kulalamika, wakili wa serikali alikuja na karatasi yenye tarakimu, na tarakimu hazitapiki. Mwaka 1993, katika shauri lililotoka jimbo la Oregon, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba Katiba inamhakikishia mfungwa chakula kinachotosha kumweka katika afya, na kwamba chakula hicho si lazima kiwe kitamu wala cha kupendeza macho. Mahakama nyingi zimeifuata njia hiyo. Kisheria huenda zikawa na hoja, maana Katiba ya Marekani inakataza adhabu za kikatili na zisizo za kawaida, na jaji anaweza kusema kwamba kipande cha mkate mchungu hakijafikia kiwango hicho. Lakini sheria inapomtazama mtu kama tangi la kujazwa mafuta kwa kipimo, kuna jambo kuhusu mtu huyo ambalo imelisahau.

Shauri linalotuvutia zaidi ni lile la Vermont, lililoamuliwa na mahakama ya juu ya jimbo hilo mwezi Machi mwaka 2009. Wafungwa wa huko hawakupoteza muda kubishana juu ya utamu. Waliuliza swali jepesi: je, mkate huu ni adhabu, au si adhabu? Idara ya magereza ilishikilia kwamba si adhabu. Ilisema kwamba ni hatua ya usalama tu, ya kumzuia mtu anayetumia sinia na vyombo vibaya asiendelee kufanya hivyo, na kwamba chakula chenyewe kina lishe kamili.

Msomaji atauliza kuna tofauti gani ikiitwa hivi au vile, maadamu mkate ni ule ule. Tofauti ni kubwa mno. Ikiwa ni adhabu, basi sheria ya jimbo inataka mfungwa aelezwe kosa lake, asikilizwe, ajitetee, na uamuzi ufanywe na watu waliokabidhiwa kazi hiyo. Ikiwa si adhabu, basi askari wa zamu aweza kuamua asubuhi, na mchana mkate ukawa mezani, au tuseme karatasini. Mahakama ilikataa kudanganywa na jina. Ilisema kwamba kumwondolea mtu chakula cha kawaida na kumpa kitu ambacho watu wote wanajua kuwa hakipendezi, kwa sababu ya jambo alilolitenda, ni kumwadhibu, na kwa hiyo taratibu za adhabu lazima zifuatwe.

Tunaliona hilo kuwa kiini cha suala lote. Mjeledi ulikuwa na ubaya wake wote, lakini haukujificha. Aliyepigwa alijua amepigwa, na aliyepiga aliandika katika daftari idadi ya viboko. Mkate wa nidhamu ni mjeledi uliovishwa kanzu ya mganga. Humwadhibu mtu kisha ukamwambia kwamba ulikuwa ukimlisha. Akilalamika anaambiwa kwamba hana shukrani. Akikataa kula anaambiwa kwamba amejinyima mwenyewe. Akidhoofu inaandikwa kwamba aligoma kula. Kila mlango wa malalamiko umefungwa kwa kufuli ya neno lishe.

Na pale ambapo adhabu haikubali kuitwa adhabu, haikawii kuwafikia wasiohusika. Tazama yaliyotokea katika mahabusu ya wilaya ya Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Mfungwa mmoja wa gereza la jimbo aliletwa pale kwa muda ili ahudhurie shauri lake mahakamani. Mahabusu hiyo ilikuwa na kawaida ya kuwalisha mkate wa nidhamu wale wote waliotoka katika seli za kutengwa huko magerezani kwao, hata kama hapo mahabusu hawakuvunja kanuni yoyote. Mtu huyo akalishwa mkate. Akatapika, akaumwa tumbo, na uzito wake ukashuka kutoka ratili 168 hadi 154. Mahakama ya chini ililitupa shauri lake. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ililirudisha, na Jaji Richard Posner akaonyesha jambo ambalo lingepaswa kuwaaibisha wahusika: hakuna aliyeiambia mahakama mkate ule ulipikwa kwa vitu gani. Neno Nutraloaf, alieleza, ni kama neno mchuzi. Kila jiko lina wake. Kwa hiyo hata ile karatasi ya tarakimu, ambayo ndiyo ngao ya watetezi wa mkate, yaweza kuwa haipo.

Sasa tuwasikilize askari magereza, maana hatukusudii kuandika kana kwamba magerezani wamo malaika. Wamo watu wakatili, na wamo wengine ambao akili zao zimevurugika, nao hurusha kinyesi na mkojo kwa askari anayewapelekea chakula. Askari huyo ni mfanyakazi. Ana mke au mume na watoto wanaomsubiri nyumbani, naye hakuajiriwa ili amwagiwe uchafu usoni. Anastahili kulindwa, na anayelipuuza hilo hana haki ya kuzungumza juu ya magereza. Isitoshe, sinia la chuma ni silaha, na kijiko chaweza kunolewa.

Lakini hoja hiyo inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba mtu wa namna hiyo asipewe sinia wala kijiko. Haithibitishi kwamba zabibu zipondwe pamoja na maharage. Mkate uliokatwa ukatiwa yai au nyama katikati, tunda, kipande cha jibini, vyote huliwa kwa mkono na vyote hupelekwa juu ya karatasi. Kwa Mswahili hili halihitaji hata kuelezwa. Sisi ugali tunaula kwa mkono, na hakuna aliyewahi kusema kwamba mkono umeunyima utamu. Pale hatari ya sinia inapokwisha kuondolewa na bado chakula kikaharibiwa, kinachobaki ni hamu ya kulipiza. Nayo hamu hiyo, hata kama tunaielewa kwa askari aliyemwagiwa uchafu, haiwezi kuwa kanuni ya serikali. Ama kuhusu mgonjwa wa akili, huyo hawezi kufundishwa nidhamu kwa kupitia tumbo. Anahitaji daktari.

Chama cha maofisa wa magereza wa Marekani wenyewe, American Correctional Association, kinaweka katika viwango vyake kwamba chakula kisitumiwe kama njia ya kuadhibu. Jeshi la wanamaji la nchi hiyo nalo lilikuwa na desturi ya kale ya kumfungia baharia wa cheo cha chini kwa mkate na maji hadi siku tatu. Desturi hiyo ilifutwa kuanzia tarehe 1 Januari 2019. Ni ajabu ya kusikitisha kwamba wakubwa walitambua kuwa adhabu ya chakula haimfai baharia, ilhali mfungwa wa wilaya fulani aliachwa mikononi mwa mkuu wa mahabusu wa wilaya hiyo afanye apendavyo.

Barani Afrika tunayo kumbukumbu yetu katika jambo hili, nayo haituruhusu kulitazama kwa mbali. Katika kisiwa cha Robben, makaburu waliigawa hata sahani kwa rangi. Mfungwa Mwafrika hakupewa mkate. Mfungwa Mhindi na mfungwa chotara walipewa. Anayekosea aliweza kunyimwa milo yote mitatu ya siku. Nelson Mandela aliyaishi hayo tangu mwaka 1964 hadi 1982, yeye na wenzake, na miongoni mwa mambo waliyoyapigania humo ndani, bila bunduki, ni mlo ulio sawa kwa wote. Waliobezwa kwamba wanapigania matumbo yao walikuwa wanajua wanachokifanya. Walijua kwamba anayekubali kupangiwa utu wake kwa vipande vya mkate amekubali mengi.

Hivyo haikuwa bahati tu kwamba Umoja wa Mataifa, ulipozifanya upya kanuni zake za kuwatunza wafungwa, ulizipa jina la Mandela. Kanuni za kwanza za mwaka 1955 zilikuwa bado zinaruhusu kumpunguzia mfungwa chakula kuwa adhabu, ilimradi daktari athibitishe kwa maandishi kwamba ataimudu. Tafakari kazi aliyopewa daktari yule! Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu tarehe 17 Desemba 2015, zimekataza kabisa. Kanuni ya 43 inazuia kupunguza chakula au maji ya kunywa kwa ajili ya kuadhibu. Mwoka mkate atasema kwamba hakupunguza kitu, na ratili zote zimo. Basi na aisome Kanuni ya 22, inayotaka chakula cha mfungwa kiwe na lishe ya kutosha afya na nguvu zake, kiwe safi, na zaidi ya hayo kiwe kimepikwa na kuandaliwa vizuri. Maneno hayo ya mwisho hayakuongezwa kwa ajili ya kujaza karatasi.

Mwezi huo huo wa Desemba 2015, jimbo la New York lilipatana na watetezi wa haki za raia kuhusu vifungo vya upweke, na katika mapatano hayo likakubali kuuondoa mkate wa nidhamu katika magereza yake. Huko New York ulikuwa mkate wa unga wa ngano, maziwa, viazi na karoti, ukifuatana na kabichi mbichi. Wanaokumbuka watajua kwamba ni katika jimbo hilo hilo, kwenye gereza la Attica, ambako wafungwa waliasi mwezi Septemba mwaka 1971, na miongoni mwa madai yao ya kwanza lilikuwamo la kupewa chakula chenye afya na matunda mabichi kila siku. Walijibiwa kwa risasi, na watu 43 walipoteza maisha, wafungwa pamoja na watumishi wa gereza. Ilichukua miaka 44 tangu siku zile hadi mkate kuondolewa.

Lakini New York ni jimbo moja. Marekani haina sheria moja ya nchi nzima inayoupiga marufuku mkate huu, na magereza yake yapo chini ya majimbo 50 na wilaya zisizohesabika, kila moja na jiko lake. Nchi hiyo imefunga watu karibu milioni 2, na takriban theluthi moja yao ni Waamerika Weusi, ambao katika idadi ya wananchi wote hawafiki hata sehemu moja kati ya saba. Msomaji anaweza kukisia mwenyewe ni vinywa vya nani vinavyofikiwa zaidi na mkate huo.

Tunachokidai si kikubwa. Majimbo yaliyobaki yafanye lililofanywa na New York. Mpaka hapo yatakapofanya hivyo, kila mkuu wa gereza anayetaka kumpa mtu mkate wa nidhamu aandike kwa mkono wake kwamba anatoa adhabu, ataje kosa, ataje siku, amsikilize anayeadhibiwa, na aweke mapishi yenyewe wazi ili daktari na mahakama wayasome. Na siku ya kwanza ya adhabu, kabla sahani ya karatasi haijapitishwa katika tundu la mlango, mkuu huyo akae mezani kwake aule mkate huo, kipande kizima, mchana na jioni.